Walisema mwenye dawa za kichwa hawezi kulipa madeni: ninavyoishi na bipolar, kati ya Butembo na Beni

Wakuu, salamu kutoka Butembo, mji wa baridi na vumbi jekundu.

Ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Majina nimebadilisha, la sivyo kaka yangu atanifuata mpaka humu. Anayetaka kusema hii ni chai, asome kwanza mpaka mwisho.

Nianze na waliyosema watu.

Walisema sitafika Kampala. Nilifika, nikabeba magunia mchana na kusoma jioni.

Walisema sitapata diplôme. Ninayo. Ni ya froid, yaani ufundi wa friji na vyumba vya baridi. Iko ukutani ndani ya kioo, mgeni akiingia anaiona kabla hajaniona mimi.

Walisema nikirudi nitarudi na begi tupu. Nilirudi na mtungi wa gesi, pampu, saa za kupimia presha, vyote nilinunua kwa jasho langu, nikafungua atelier, yaani karakana yangu, karibu na soko bila mjomba wala mbunge.

Halafu nikaugua. Ndipo wakasema lile zito kuliko yote. Aliyelisema ni Paluku, kaka yangu wa kwanza, mbele ya ukoo mzima:

"Kakule amekuwa mutu wa dawa ya kichwa. Basi mujue, deni za batu zimekufa. Mutu ya vile hapana lipaka."

Kakule ndiye mimi.

Na Kiswahili changu kisiwashangaze. Najua mnawacheka Wakongo. Nyumbani tunaongea chetu, lakini kuandika nilijifunza, kama nilivyojifunza mengine. Watu wa kwetu wakiongea humu nitawaacha waongee kama wanavyoongea.

Tuendelee.

Ugonjwa ulianza kwa kushuka.

Ilikuwa msimu wa mvua. Biashara ilikuwa nzuri, mke wangu Kahindo alikuwa ametoka kujifungua mtoto wetu Héri, sikuwa na sababu yoyote ya huzuni. Lakini asubuhi nilikuwa nafungua atelier, nakaa mbele ya friji ya mteja, naiangalia. Bisibisi mkononi. Mchana unafika, bado naiangalia.

Chakula hakikuwa na ladha. Mtoto akilia nasikia kama analia nyumba ya jirani.

Sasa muelewe jambo moja kuhusu Butembo. Hapa mtu anaweza kusamehewa ulevi, anaweza kusamehewa wanawake. Uvivu hasamehewi. Sisi Wanande tunahesabiana kwa kazi. Kwa hiyo mimi sikuitwa mgonjwa, niliitwa mvivu. Baadaye wengine wakanihurumia kidogo, wakasema nimerogwa.

Nikaenda dispensaire moja. Wakanipa vidonge vya huzuni, hivyo tu, peke yake. Hakuna aliyeniuliza kama niliwahi pia kupanda, yaani vipindi vya kuwa juu kupita kiasi, bila kulala. Niliwahi, kule Kampala, siku za mitihani. Ila mimi nilikuwa naita akili nyingi.

Wakuu, shikeni hapo. Baadaye daktari alinieleza kwamba mwenye bipolar akipewa dawa ya huzuni bila ile ya kumshikilia, inaweza kumrusha juu.

Ikanirusha.

Kwanza niliona nimepona. Niliamka kabla ya jogoo. Nikatengeneza friji zote zilizokuwa zimenisubiri, nikatengeneza na zile ambazo hazikuharibika. Nilipaka atelier rangi. Nililala kidogo, halafu kidogo zaidi, halafu nikaona usingizi ni mambo ya watu wasio na mipango.

Mnajua watu walifanya nini? Walinishukuru!

Kwa Kinande tuna neno, *Wasingya*. Ni asante. Lakini tunamwambia hata mtu tunayemkuta kazini, hata kama kazi si yetu. Unapita, unamwona mtu analima, unamwambia Wasingya, unaendelea na safari yako. Ni heshima kwa jasho.

Basi nilikuwa naanza kazi gizani, mama wauza maziwa wakipita: Wasingya! Jioni wafanyabiashara wakifunga maduka, mimi bado nagonga mabomba: Wasingya, Kakule! Paluku mwenyewe, aliyekuwa ameniita mvivu, alileta rafiki zake wanione. "Muone mudogo yangu. Huyu hapana lala. Huyu ni Munande ya kweli."

Mji mzima ulikuwa unaushukuru ugonjwa wangu.

Hili nalifikiria sana mpaka leo. Kwingine mtu asiyelala wangemshtukia. Kwetu walimkopesha.

Maana sasa nikapata wazo.

Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kwenye ziwa Edouard, kuna tilapia nyingi na joto kali. Samaki wanaharibika haraka. Kila mtu anajua kinachotakiwa ni barafu, na barafu inataka umeme, na umeme ni gharama. Mimi nikasema: barafu ya nini? Kule Alimbongo, juu mlimani, njia ya kwenda Kanyabayonga, kuna baridi ya bure! Asubuhi unapumua moshi. Alimbongo ni frigo ya Mungu. Tunatoa samaki ziwani, tunawapandisha mlimani, wanakaa ndani ya depo ya mbao yenye madirisha, upepo unafanya kazi ya compresseur, ile pampu ya friji. Kutoka hapo tunalisha Kivu nzima.

Msicheke. Au chekeni, lakini mngenisikia siku ile msingecheka. Niliongea vizuri! Nilichora grafu. Na nilikuwa na diplôme ya froid, kwa hiyo nani angenibishia? Mfanyabiashara wa mbao alinipa mbao kwa neno tu. Mwenye duka la turubai alinipa turubai. Wavuvi wa Kyavinyonge walinipa samaki, tulipane baadaye. Kwetu biashara kubwa inafanyika hivyo, kwa neno la mtu, na neno langu wakati huo lilikuwa linawaka.

Aliyetoa kikubwa zaidi ni Hadji. Hadji ni mzee wa Beni, Mwislamu, mwenye malori, mtu wa maneno machache. Alinisikiliza akichokoa meno. Nilipomaliza akasema:

"Mutoto yangu, mi niko na miaka mingi ku barabara. Sijaona mutu anaongea biashara hivi."

Akanipa franga za kuanzia, na lori moja na dereva wake.

Safari ile nitaifupisha. Barabara ilikuwa tope, lori likakwama, likatolewa, likakwama tena. Mimi nilikuwa juu ya turubai naimba. Tulipofika Alimbongo, samaki walikuwa wanajitangaza wenyewe. Mama mmoja wa soko alifunga pua na kitenge akaniambia:

"Papa, hii tilapia yako ilikufa mara ngapi?"

Baridi ya Alimbongo, wakuu, ni baridi ya kuvaa koti. Si baridi ya kutunza samaki. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anajua hilo. Mimi nilikuwa nalijua, lilikuwa ukutani kwangu ndani ya kioo! Ila akili iliyokuwa inajua haikuwa tena inaendesha gari.

Sikuona hasara. Nilipanda juu ya lori nikahutubia soko kwa Kinande, Kifaransa na Kiingereza. Niligawa samaki wa watu bure. Niliwaambia wanawake wa vitunguu nimenunua vitunguu vyote, kesho natuma malori.

Dereva wa Hadji ndiye aliyempigia Paluku simu.

Paluku na ndugu wengine walikuja wakanifunga kamba. Sitawalaumu, nilikuwa napigana. Paluku alitaka nipelekwe kwenye chumba cha maombi, nifunge kula mpaka shetani atoke. Hapo ndipo Kahindo alipofanya jambo ambalo nitamlipa maisha yangu yote. Alisimama mbele ya shemeji yake mkubwa, kitu ambacho mwanamke wa kwetu hafanyi, akasema:

"Yaya, munisamehe. Mungu atatusikia hata kule Beni. Huyu anaenda ku munganga."

Yaya kwetu ni kaka, na munganga ni daktari. Beni kuna kituo cha afya ya akili, na shangazi yake Kahindo anauza mboga karibu na mlango wa kituo hicho. Kahindo alikuwa ameona watu wakiingia pale na kamba na kutoka na begi mkononi, wakisalimia.

Nilikaa pale. Sindano, vidonge, usingizi. Usingizi mrefu, mpaka nilipoamka nikawa na kiu na aibu.

Daktari alikuwa kijana, alivaa ndala. Akaniambia: trouble bipolaire. Ugonjwa wenye ncha mbili, juu na chini. Haukuletwa na mchawi, haukuletwa na uvivu. Utaishi nao kama mwenye sukari anavyoishi na sukari.

Mimi nikamjibu kwamba nina diplôme.

Akasema vizuri sana, ugonjwa huu hauombi diplôme mlangoni.

Baada ya kupanda, nilishuka. Nilishuka chini kuliko mara ya kwanza, maana sasa chini kulikuwa na watu wananisubiri: mwenye mbao, mwenye turubai, wavuvi, Hadji. Nililala kitandani nikihesabu nyuso zao. Kuna asubuhi niliona kwamba kufa kungekuwa nafuu kwa kila mtu. Nilimwambia Kahindo hivyo, kwa sauti, kama mtu anayesema mvua inakuja. Hakupiga kelele. Alinivalisha viatu, tukarudi kituoni siku ileile.

Ndugu unayesoma na una wazo kama hilo: liseme. Leo. Kwa mtu yeyote atakayekuvalisha viatu.

Hapo ndipo nilipokutana na mama psychologue, mwanasaikolojia wa kituo. Ni mwanamke mnene, mpole, mwenye kicheko cha sokoni. Mimi nilikuwa naamini psychologue ni mtu anayelipwa kusikiliza wanawake wakilia. Siku ya kwanza nikamweleza historia yangu yote, Kampala, magunia, diplôme. Akaandika kidogo, akauliza:

"Papa Héri, frigo yenye thermostat imeharibika, inafanyaka nini?"

Nikasema inategemea, maana thermostat ndiyo inayoiambia friji iwake au ipumzike. Ikikwama upande mmoja, compresseur inafanya kazi bila kupumzika mpaka iungue, na watu wanasema friji kali hiyo. Ikikwama upande mwingine, haiwaki kabisa, na chakula kinaoza.

Akaweka kalamu chini.

Wakuu, nilielewa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunieleza maisha yangu kwa lugha ya kazi yangu, tena nilijieleza mwenyewe.

Dawa ni thermostat. Haikufanyi barafu, haikufanyi moto. Inakuambia basi, hapo panatosha.

Sitataja dozi. Dozi yangu si dozi yako, na humu kuna watu wataenda nayo farmasi kesho. Nitasema tu kwamba walinipa valproate, dawa ya kushikilia, na kile kidonge cha kwanza daktari akakiondoa. Kuna vipimo vya damu kila baada ya muda. Malaria ikinishika, kabla ya kumeza chochote nauliza. Na mke au dada yako akiandikiwa dawa hii, aulize daktari habari ya mimba kabla ya kuanza.

Dawa ina bei yake mwilini. Nilinenepa, suruali za Kampala zote nimempa Paluku. Mbaya zaidi, mikono ilianza kutetemeka. Kwa mwalimu labda si neno. Mimi kazi yangu ni kuchomelea mabomba ya shaba membamba kama kalamu, moto mkono huu, waya mkono ule. Nilitoboa bomba la mteja mbele ya macho yake.

Hapo wengi ndipo wanapoacha dawa kimyakimya. Mimi sikuacha. Nilirudi Beni nikamwambia daktari: ama mikono, ama kichwa, nichagulie. Akasema si lazima kuchagua, akapunguza, akagawa saa za kumeza, ikachukua muda, mikono ikatulia. Leo nachomelea kuliko kijana yeyote wa Butembo. Njooni mpime.

Upande wa maisha, mama psychologue hakuniambia "punguza stress". Alitaka mambo ya kushika kwa mkono.

Kahawa, hapana, na mimi nimezaliwa katikati ya mashamba ya kahawa. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hapana, hata arusini. Kutembea kwa miguu asubuhi mpaka atelier, nikipanda kilima kile cha eucalyptus, bila pikipiki. Wazo lolote jipya la biashara linalala kwanza, na Kahindo analisikia kabla ya mtu mwingine.

Na kulala saa mbili usiku. Kila siku. Simu inazimwa.

Akatutaka pia, mimi na Kahindo, tutafute alama ya kwanza kabisa kwamba napanda. Mimi nilisema sina. Kahindo akasema anayo.

"Akianza kusalimia mama yangu kwa Kingereza."

Psychologue alicheka mpaka akafuta macho. Lakini ni kweli. Mama mkwe wangu hajui hata Kifaransa. Mara ile nilipopanda, jambo la kwanza lilikuwa "Good morning, madam, how is business?"

Tukakubaliana: siku hiyo ikifika, Kahindo ana haki ya kufunga atelier na kunipeleka Beni, bila mjadala. Nilikubali. Mwanaume wa Kinande, mwenye diplôme, nimempa mke wangu ufunguo wa kunizima. Wakaniita *mutu wa kulalishwa na bibi*, yaani na mke wake. Waendelee.

Sasa madeni.

Paluku alikuwa ameshatangaza kwamba yamekufa, na kwa maana fulani alikuwa ananitetea. Mwendawazimu hadaiwi. Ningeweza kuketi chini ya huruma hiyo maisha yangu yote. Lakini muelewe, kwetu mtu asiyedaiwa ni mtu asiyehesabiwa. Hakuna atakayempa tena mbao kwa neno lake. Amekufa, ila anakula.

Nikasema nitalipa wote. Nikaenda kwa mmoja mmoja, kwa miguu yangu, nikawaeleza ugonjwa kwa jina lake. Mwenye mbao alinifukuza, kisha akaniita nirudi. Wavuvi wa Kyavinyonge walinisikiliza wakishona nyavu, mmoja akasema hata yeye ana mjomba wa hivyo.

Hadji alisikiliza akichokoa meno, kama mara ya kwanza.

"Donc ile siku uliongea vizuri vile, ulikuwa mugonjwa."

"Ndiyo, Hadji."

"Na leo unaongea polepole, unatafuta maneno, ndiyo uko muzima."

"Ndiyo, Hadji."

"Basi mi nilikopesha nani? Mugonjwa ao mutu?"

Nikamwambia alimkopesha mtu, na mtu atalipa. Ila polepole.

Hilo neno polepole ndilo lililoleta vita. Njia ya kulipa haraka naijua, na kila mtu Butembo anaijua: fanya kazi mchana, fanya kazi usiku. Na hiyo ndiyo njia hasa ya kunirudisha juu ya lori Alimbongo. Usingizi wangu na madeni yangu vilikuwa vinagombania saa zilezile. Nikilala, wanasema mwizi huyu analala. Nisipolala, naungua, na hakuna atakayelipwa kamwe.

Jioni moja Hadji alikuwa Butembo kwa shughuli za malori yake, akapita nyumbani. Saa mbili ilikuwa imepita kidogo. Nilikuwa kitandani, nimemeza dawa, nusu niko nusu sipo. Nilisikia mlangoni.

"Yuko wapi bwana yako?"

"Analala, Hadji. Karibu chai."

"Analala! Kuku bado haijalala, yeye analala? Mutu mwenye deni yangu anapataka usingizi wapi?"

"Farmasi, Hadji."

Hadji akasema mwamshe. Na Kahindo, kwa sauti ileile ya kukaribisha chai, akasema:

"Nikimwamusha leo, atakulipa kwa maneno mingi sana. Ukimwacha, atakulipa franga. Chagua, Papa."

Nilisikia mlango wa gari ukifungwa kwa nguvu. Nililia kidogo kwenye mto, halafu dawa ikanichukua.

Miezi ikapita hivyo. Kila mwezi nilipeleka kidogo kwa kila mmoja. Mwenye turubai akaisha. Mwenye mbao akaisha.

Kisha likaja jaribu lenyewe.

Mfanyabiashara mmoja wa Beni alitaka chumba cha baridi cha samaki na nyama. Kikubwa. Alikuwa na haraka, anataka kazi usiku na mchana, na bei yake ilikuwa ya kufuta kila deni langu kwa mkupuo mmoja. Hadji asingepiga mlango wangu tena maishani.

Nilianza mchana tu, kama sheria yangu. Lakini kichwani nilikuwa nachora mpaka alfajiri. Siku ya tatu nililala kidogo na sikuchoka. Mnaijua raha hiyo? Rangi zinang'aa. Kila bomba linajua linakokwenda. Niliona kwamba labda nilikuwa nimepona kabisa, na kwamba hii ndiyo nguvu yangu ya asili, ile waliyokuwa wananishukuru nayo.

Mama mkwe akaja kutusalimia pale Beni, tulipofikia kwa shangazi.

Mimi nikafungua mikono: "Good morning, madam!"

Kahindo aliweka sufuria chini. Alikwenda kuchukua kanga yake.

Wakuu, nilikasirika. Nilimwambia anazima bahati yetu. Nilimwambia anataka tubaki maskini. Nilimwambia mengi. Paluku akapigiwa simu, akapiga kelele huko: "Munakataa franga juu ya usingizi? Mulirogwa bote wawili!"

Lakini nilikuwa nimetoa neno, na neno la mtu mzima siwezi kulichezea mara mbili. Nikavaa viatu. Daktari akanirekebishia dawa kwa siku chache. Nilimwachia fundi mwingine, hasimu wangu wa miaka yote, zamu ya usiku na nusu ya malipo. Nilimkabidhi na mchoro wangu. Mimi nikasimamia mchana, nikalala saa mbili. Chumba kikawaka, mpaka leo kinaganda vizuri, na atakayesema ni kazi ya yule mwingine, mchoro ni wangu.

Nusu ile ililipa wavuvi wote. Kwa Hadji ikabaki sehemu.

Kabla sijamaliza na Hadji, niseme ninachotaka mbebe.

Dawa pekee haikutosha. Ilinipa mikono iliyotulia, lakini ni mama psychologue aliyenifundisha kujiona, na ni ile saa mbili ya usiku iliyoshikilia vyote viwili. Ukitoa mguu mmoja, meza inalala. Usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu ya dawa. Na ukimwona mtu halali, anaongea moto, ana mipango ya kulisha mkoa mzima, usikimbilie kumpigia makofi. Muulize mke wake.

Wenye ugonjwa huu, au wenye ndugu wa hivyo, mseme hapa bila aibu: kwenu mnaitaje? Mnapata wapi dawa barabara zikifungwa? Wanaobisha nao waje, nimezoea.

Sasa Hadji.

Nilikwenda Beni asubuhi, barabara ilikuwa wazi. Nilimkuta chini ya lori lake, anamgombeza dereva kuhusu oili. Nilisubiri. Alipotoka nikampa bahasha kwa mikono miwili, nikasema, Hadji, hii ndiyo ya mwisho, na wewe ndiye wa mwisho. Sina deni la mtu yeyote kutoka ziwani mpaka mlimani.

Aliifungua, akaangalia, akaiingiza mfukoni mwa kanzu. Akanitazama kwa muda, jinsi anavyotazama gurudumu.

"Basi umepona."

"Hapana, Hadji. Sijapona. Nimelipa."

Dereva alikuwa ameacha kupiga nyundo anatusikiliza. Nilifikiri atataja biashara mpya, au atataja samaki, maana Beni nzima bado wanataja samaki.

Akaangalia jua lilipo, akaita kijana alete pikipiki.

"Enda sasa. Njia ni mbali, na kule kwako batu banalalaka mapema."